Mtafiti aliyekataa kuombwa radhi

Saa moja na nusu asubuhi, mama wa miaka hamsini na tisa anasimama mlangoni mwa chumba cha panya. Amevaa koti la kijani, kofia ya kitambaa na viatu vya mpira ambavyo havijawahi kukanyaga nje. Ndani, mtunzaji wa panya ameinua kifuniko cha kizimba cha kwanza na anachungulia.

"Weusi?" anauliza mama.

"Hakuna, Daktari. Wa kijivu watupu."

"Haya," anasema, na kazi inaanza. Swali hilo na jibu hilo vimerudiwa kila asubuhi kwa miaka minne sasa, na hakuna kati yao anayeonekana kuvichoka.

Mwandishi wa makala haya, ambaye panya akikatiza sebuleni hupanda juu ya kiti bila kuona haya, alibaki amejibana ukutani. Chumba hakina dirisha. Kinanuka maranda na nafaka, na rafu za vizimba vya plastiki zimepanda karibu na dari. Katika kila kizimba kuna familia ya panya wenye rangi ya majivu. Mmoja alikuwa amejilaza kwenye kiganja cha mtunzaji akijisafisha sharubu, hana habari na mtu.

Mtaani kwake wanamwita Mama Panya. Watoto wa jirani walianza kwa utani, wakubwa wakadakia, na siku hizi hata fundi bomba akipiga simu anauliza kama hapo ni kwa Mama Panya. Marehemu mama yake hakuwahi kuielewa kazi hiyo. "Kusoma kote kule, mwanangu," alikuwa akimwambia, "kumbe unafuga panya?" Nyumbani kuna paka mnene, na mumewe, dereva mstaafu, anasema huyo ndiye anayemsaidia mkewe kusahau kazi.

Anachokitafuta mama huyu si kitu kidogo. Retrovirusi ni ukoo wa virusi wenye tabia ya peke yake: vikiingia kwenye seli hujiandika ndani ya vinasaba, yale maelekezo ambayo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake. Virusi vya Ukimwi ni vya ukoo huu, ndiyo maana dawa huvituliza lakini hushindwa kuvifukuza. Katika panya wake, kirusi kimoja cha kale kiliwaingia mababu, kikajipachika katikati ya kinasaba cha rangi. Panya waliopaswa kuwa weusi wakafifia, wakawa wa kijivu, na watoto wao hivyo hivyo.

"Ni kama mpangaji asiyelipa kodi," anasema. "Hagombani na mtu, hapigi kelele, ila hatoki. Mimi nataka kujua ni nini kinamnyamazisha, na nini kinaweza kumhamisha."

Kwa kazi ya namna hiyo lazima panya wote wafanane kama mapacha, kwa hiyo kwa miaka ishirini na miwili amewazalisha ndugu kwa ndugu. Ikipenya damu ya nje, hata ya panya mmoja, hakuna tena cha kuamini.

Ndiyo maana asubuhi moja, miaka minne iliyopita, mtunzaji alipoinua kifuniko moyo ulimlipuka. Vitoto vya panya huzaliwa uchi na vyekundu, rangi hujitokeza baadaye. Kati ya sita waliokuwa wakinyonya, mmoja alikuwa mweusi tii.

Mtunzaji ni mwanamume mtaratibu, baba wa watoto watano, na wenzake humwita Maranda kwa jinsi anavyorudi nyumbani nayo hadi kwenye nyusi. Hakumung'unya maneno alipoulizwa alifikiria nini siku ile.

"Nilitaka kumtupa," alisema. "Nani angejua? Mkono ulishafika. Halafu nikaona bado ananyonya, nikashindwa. Nikaenda kumwita Daktari."

Uaminifu huo nusura umponze. Wakuu wa maabara walisema panya wa kijivu hawawezi kuzaa mweusi, kwa hiyo kuna mtu amechanganya vizimba. Na anayewahamisha panya wakati wa usafi ni nani kama si Maranda? Mkewe alikuwa amelazwa hospitali wakati huo, naye alikuwa akija kazini macho mekundu. Akawa amekalia kuti kavu. Kibaya zaidi, akaanza kujishuku mwenyewe.

Mchana mmoja aliingia ofisini kwa mtafiti, akakataa kiti, akasema ni yeye. Alichanganya. Anaomba radhi.

Hapa msomaji inabidi aelewe jambo moja. Kukiri kule kulikuwa zawadi kwa mtafiti. Kama lilikuwa kosa la siku moja, la kizimba kimoja, basi wangeuawa panya wa kizimba hicho, mtu mmoja angemwaga unga, na kazi ya miaka kumi na minane ingebaki salama. Lakini wakipima na kukuta damu ya nje, hakuna ambaye angejua imepenya tangu lini, na panya wote wa chumba kile wangeuawa. Mkurugenzi alikuwa amemweleza hivyo waziwazi hata kabla ya Maranda kukiri. Hata mumewe jikoni, jioni ile, alimwambia: mwenyewe amekubali, wewe ni nani umkatalie?

Lakini pale pale ofisini, yeye alikuwa amemuuliza Maranda swali moja.

"Kaka, ulijiona ukichanganya?"

"Sikujiona. Ila lazima ni mimi. Nani mwingine?"

"Basi radhi yako siipokei," akamwambia. "Usiniombe msamaha kwa kitu ambacho mimi na wewe hatukijui. Rudi kwa panya wako."

Kisha akapanda kwa mkurugenzi na kusema kwamba hakuna aliyekiri chochote, na kwamba atapima.

Alikuwa na sababu. Wenzake wa nchi nyingine waliwahi kuona, kwa panya wengine, kirusi cha aina hiyo kikichomoka chenyewe na rangi kurudi. Hutokea kwa nadra sana. Lakini kikichomoka huacha kipande kidogo nyuma, mahali pale pale kilipokuwa, kama mpangaji aliyehama akaacha misumari ukutani. Mtoto wa panya mgeni asingekuwa na msumari huo. Akachukua vipande vidogo vya mikia, vya kitoto na vya wazazi wake, akaanza.

Zilikuwa wiki ngumu. Mumewe anakumbuka mkewe alimtilia chumvi kwenye chai na hakushtuka mpaka alipomwona akiitema. "Sikumgombeza," anasema mzee huyo. "Niliona huyu mtu yuko mbali."

Majibu yalipotoka, alishuka ngazi karibu akimbie. Maranda alikuwa akijaza chupa za maji.

"Baba ni yule yule, mama ni yule yule," alimwambia. "Na msumari upo."

"Kwa hiyo sikuchanganya?"

"Hukuchanganya."

Maranda aliketi juu ya gunia la maranda, akalia kama mtoto. Mtafiti akaketi pembeni yake, akalia naye. Wanaofanya kazi humo wanasema hawajawahi kumwona Daktari akikaa chini katika chumba kile, kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Ukimsifu anakukatiza. "Usiandike nimepata dawa," alinionya mara mbili. "Andika kwamba niliona mlango umefunguka, na bado sijui nani aliufungua." Mweusi yule aliishi hadi uzee wake na uzao wake una rafu yake katika chumba cha pili. Lakini mmoja, anasema, huenda ni bahati tu. Anamngoja wa pili azaliwe kwa wa kijivu, ndipo ataweza kulinganisha. Ndiyo sababu ya swali la kila asubuhi.

Muda haumpi nafasi kubwa. Mwakani anastaafu. Panya wake watachukuliwa na mtafiti mwenzake aliyewahi kusoma chini yake, kwa sharti moja: anayewachukua panya anamchukua na Maranda. Maranda analalamika kwamba amerithishwa pamoja na vizimba, huku anacheka.

Naye Mama Panya ataketi nyumbani na paka wake, na kila asubuhi saa moja na nusu atapiga simu kuuliza neno lile lile.

Nilimuuliza: na siku Maranda akijibu kwamba yupo?

"Nitamwamini," alisema bila kusita. Akavua kofia, akaikunja taratibu. "Kisha tutapima."