Nilimtafsiria Nyota wa Kihindi

Zamani, katika ukumbi wa video wa Musonoi, mimi ndiye niliyewatafsiria watu filamu za Kihindi. Kihindi sikijui, nilikuwa natunga tu, na watu walilia kweli. Mpaka leo Mama Odile ananiita mwalimu.

Jumapili, dukani kwake, nyota wetu yule wa zile filamu alitokea kwenye televisheni, mzee sasa, akisimulia kazi yake.

"Mwalimu, anasema nini?"

Heri ningenyamaza! "Anasema zile nyimbo zote aliimba mwenyewe."

Mteja mmoja Muhindi akageuka. "Hapana, tata. Anasema hakuimba hata moja. Alifungua kinywa tu, sauti ilikuwa ya mwingine."

Mama Odile alinitazama, akacheka mpaka machozi. "Mwalimu! Kumbe muko babili, wewe na yeye!"