Nilitafsiri Kosa Langu Likawa la Baba

Nitukaneni kwanza, ndipo mnisome. Nimekosa, tena kosa lenyewe ni la aibu kiasi kwamba hata mbele ya mchungaji wetu mdomo uligoma. Nawaandikia ninyi kwa sababu hamnijui sura, na kwa sababu nisipolitema hili litanioza tumboni.

Ninaishi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, upande wa Juru, pamoja na baba, mama na mdogo wangu wa kike tunayemwita Espe. Tulitoka Kivu Kusini nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba analima maharage na mahindi. Mimi ni mtu wa simu. Nina kibanda na sola, nachaji simu za watu, naziwekea programu, nazifufua zikizimia. Pale kwetu wananiita daktari wa simu, na kusema kweli jina hilo lilinivimbisha kichwa.

Espe ana ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao. Akitoka nyumbani kwenda kanisani lazima achuchumae njiani kutafuta pumzi, midomo ikimgeuka rangi, na watoto wenzake wanamsubiri kama mnavyomsubiri bibi kizee. Daktari wa Mbarara alisema upasuaji wake haufanyiki huku, na dawa zinamshikilia tu. Kwa ajili yake jina la familia yetu liliingizwa kati ya wanaotafutiwa nchi ya mbali, penye hospitali ya kumtibu. Ofisi ya wakimbizi ikatuambia jambo moja: mtapigiwa simu. Msibadilishe namba, msizime simu.

Baba alikuwa na simu ya tochi, ile ya kubonyeza, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Mbaya kwa sura, lakini ikilia unaisikia hadi mwisho wa shamba! Mimi nikaichukia. Nikaanza kumlima baba kila siku: hiyo simu itakufa ghafla, watapiga wakukose, tununue ya kisasa. Baba ni mtu wa kusikiliza wanawe. Akauza mahindi, akauza na mbuzi, tukaenda Mbarara kwenye duka moja la Kakoba. Ile ya tochi tukamwachia muuzaji ili atupunguzie bei.

Jamani! Siku ile nilikuwa nauza masikio ya baba yangu, na nilitoka dukani nikipiga mluzi.

Simu ilikuwa ya baba kwa jina tu. Niliyekaa nayo ni mimi. Nikaiweka kwa Kiingereza. Baba anasoma Kiswahili cha Biblia, polepole, akifuata mstari kwa kidole, na aliniomba nimwekee Kiswahili ili naye aielewe. Nikamcheka. Nikamwambia Kiswahili cha ndani ya simu ni cha watu wa kizamani. Sababu hasa ni kwamba nilitaka wenzangu wakiona picha za kioo changu wasijue natoka kambini.

Wenzangu hao ni wa mchezo. Mnaujua mchezo wa namna ile: mnashushwa kisiwani kwa parachuti, mnaokota silaha, mnauana hadi kibaki kikundi kimoja. Nilicheza na kijana wa Nairobi na wawili wa Kampala, tunaongea kwa maikrofoni. Mara ya kwanza niliposema "kuna mutu ile fasi", yaani kuna mtu mahali pale, walicheka hadi tukauawa wote. Nikajifunza Kiingereza chao, neno kwa neno, matusi kwa matusi, na baada ya muda nikawa mimi ndiye ninayetoa amri. Nilijiona nimefika!

Na nikawa nanunua. Mle mna duka la nguo za kumvisha mtu wako wa mchezoni. Pesa za kibandani, ambazo mama alidhani naziweka ziwe nauli ya kumpeleka Espe kliniki, nilizinunulia koti la dhahabu. Koti! Halivaliki, haliuziki, halimkingi mtu na baridi. Mama alipouliza nauli nikamwambia wateja wamepungua. Espe akakosa kliniki, akasema si kitu, ataenda safari nyingine.

Sasa sikieni nilipozama. Simu ikipigwa katikati ya vita, picha inaganda, na ukirudi umeshakufa. Namba za matangazo zilikuwa zinatusumbua mno, mara bonyeza moja upate wimbo, mara bando limeshuka bei. Siku moja tukapoteza mechi kubwa kwa sababu ya tangazo, na yule wa Nairobi akaniambia nirudi nikalime. Kwa hasira nikaingia kwenye mipangilio nikaiamuru simu ikatae yenyewe kila namba ambayo haijahifadhiwa. Isilie, isitetemeke. Ndugu na majirani wote walikuwa wamehifadhiwa, kwa hiyo waliingia kama kawaida, na hapakuwa na mtu wa kushtuka.

Namba za ofisi hazikuwa zimehifadhiwa. Sikuzifikiria hata kidogo, naapa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba hata ubaya wenyewe sikuukusudia. Niliwasahau tu.

Espe ndiye aliyeona. Alikuwa amekaa karibu yangu akichambua maharage. Huniita Yaya, yaani ndugu mkubwa.

"Yaya, kuna namba imepita hapo juu, haikulia."

"Ni matangazo," nikamwambia, wala sikuinua macho.

Na kila jioni baba akirudi shambani, kabla hata hajanawa miguu, aliuliza swali lile lile, kama watu wa ofisi wamepiga.

"Bale batu ba biro habayapiga?"

"Bado, Papa."

"Basi, tuvumilie."

Tukavumilia. Halafu jirani zetu Warundi, ambao mambo yao yalipelekwa siku moja na yetu, wakaitwa kwenye mahojiano. Muda si mrefu wakaaga kwenda nchi ya mbali, wakatuachia kuku na masufuria. Baba akawasindikiza akiwaimbia. Aliporudi akasema kesho twende ofisini.

Langoni tulimkuta askari.

"Mzee, leo mkalimani hakuna. Rudi kesho, ssebo."

Baba alikuwa ameshaanza kugeuka. Mimi, na mdomo wangu, nikasema sihitaji mkalimani, Kiingereza nakijua. Baba akanitazama kwa fahari ambayo sitaisahau.

"Haya, ingia na kijana yako," askari akasema. "Lakini mufanye haraka, watu iko mingi."

Ndani kulikuwa na mama mmoja, si mtu wa huku, Kiswahili hajui. Akatafuta jina letu kwenye kompyuta. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba walipiga, wakapiga tena, siku kwa siku, na kila mara simu ilikataa. Mwisho nafasi ile ikapewa familia nyingine. Na sasa, akasema, milango ya huko imefungwa, majina hayapelekwi tena, na hajui kama itafunguliwa.

Yule mama akaomba aione simu. Baba, ambaye siku hiyo aliibeba yeye, akaitoa mfukoni mwa koti lake la kanisani, akaifuta kwanza kwa mkono, akampa. Mama akabonyeza mara chache, akanigeuzia kioo. Akaniuliza: kuna mtu ameiamuru simu hii ikatae namba ngeni. Ni nani?

Aliniuliza mimi. Jibu lilikuwa neno moja.

"Anasema nini?" baba akauliza.

"Anasema..." Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. "Anasema kuna fasi ilifinywa mubaya ndani ya telefone. Balikuwa bakipiga, inabakatala."

Nikasema pamebonyezwa vibaya tu; lile swali la nani nililimeza.

Baba akainamisha kichwa. Nikamwona akitafuta kosa ndani yake mwenyewe, kama mtu anayejipapasa mifuko.

"Basi ni miye," akasema. "Siku ile nilikuwa natafuta namba ya shangazi yako, nikafinya-finya fasi mingi. Kile Kiingereza sikisikii. Mwambie huyu mama ni miye. Mwambie anihurumie, kosa ni ya muzee, asiihesabie kwa yule mutoto mugonjwa."

Mungu wangu! Mlango wa kusema ulikuwa wazi wazi. Nikamgeukia yule mama nikatafsiri. Neno kwa neno, bila kigugumizi. Kiingereza changu hakijawahi kunyooka kama siku ile. Kazi ya kwanza ya maana niliyoifanya kwa lugha niliyojifunza mchezoni ilikuwa kumtwika baba yangu dhambi yangu.

Mama yule alimwambia pole. Nayo hiyo nikaitafsiri.

Mnadhani yaliishia hapo? Jumapili iliyofuata baba alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Akaomba kusanyiko limwombee kwa sababu kwa ujinga wake amemfungia mwanawe njia ya uzima. Alilia, mtu mzima. Na fundi wa vyombo kanisani ni nani? Ni mimi. Baba sauti yake ni ndogo, hivyo mimi ndiye niliyesimama kando yake kumshikia maikrofoni. Nikaisogeza karibu na mdomo wake ili watu wa nyuma wasikie vizuri anavyojishtaki.

Tangu siku ile baba hagusi simu. Akipigiwa na ndugu anarudisha mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa sukari. Mama haongei naye sana. Hamtukani, lakini chakula anamwekea na kuondoka, na baba anaona ni haki yake. Nimelitazama hilo mara nyingi na nimekula chakula changu.

Mchezo nimeufuta. Mipangilio nimeirudisha. Simu sasa inalia kwa sauti ya juu kabisa, na kwa Kiswahili. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Wenzangu wa Nairobi na Kampala hawakuniuliza niko wapi, nadhani walipata mwingine.

Juzi tulimpeleka Espe Mbarara kwa pesa za kuku tulioachiwa. Daktari hakusema mengi. Tukiwa nje tunangoja dawa, akaniegemea begani, mwepesi kama furushi la nguo.

"Yaya, zile namba hazikuwa matangazo."

Nikageuza macho kwenye dirisha la dawa.

"Miye sitasema. Ni kazi yako. Lakini umwambie Papa nikiwa ningali hapa, nimuone akiinua kichwa. Niko ninachoka."

Nikaahidi. Njiani nikajiambia nitasema tukifika. Tulipofika baba alikuwa amemchemshia Espe maji ya kuoga, akaniuliza daktari amesema nini, na mimi nikamtafsiria maneno ya daktari yakawa mazuri kuliko yalivyokuwa. Ndivyo nilivyo. Sina dawa ya woga wangu.

Nimeandika haya kwa Kiswahili, nanyi mnajua sasa kwamba baba anakisoma. Labda gazeti hili litamfikia likiwa limefungiwa sabuni, atalifuata mstari kwa mstari kwa kidole chake, na kazi iliyonishinda itafanywa na karatasi. Ona mtu mzima anavyojificha! Naungama kwenu, na hata kwenu nimekuja bila jina.

Wewe kijana unayeshika simu ya nyumba yenu kwa sababu wewe ndiye mjanja wa mashine, nakusihi. Usiifunge masikio kwa ajili ya starehe yako. Usiiweke kwa lugha ambayo wazazi wako hawaisomi ili wewe uonekane mtu. Na ukikosa, sema pale pale, kabla mzee wako hajalivaa kosa lako na kulizoea. Mimi nilichelewa kwa pumzi moja tu, na pumzi hiyo sijairudisha hadi leo.

Jana mchana simu ililia, namba ngeni. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Espe alijiinua kitandani. Simu ilikuwa mbele ya baba kabisa, juu ya kigoda, lakini yeye alirudi nyuma hadi ukutani.

"Pokea weye. Miye nitaharibu tena."

Nikapokea. Sauti ya mwanamke, ya kurekodiwa, ikasema kwa Kiingereza nibonyeze moja nipate wimbo mpya. Baba alikuwa ananitazama mdomoni.

"Banasema nini?"

Wote watatu walikuwa wananitazama, na Espe hakupepesa macho. Nilijua anangoja kitu gani.

"Ni matangazo, Papa."