Rukiyah na Maji ya Mgongo

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Rukiyah alikuwa anamwibia mumewe muhogo. Mzee Abdunoor akigeuka kumimina chai, kipande kinatoweka. Mjukuu wao Habibah, wa miaka sita, aliona akacheka. Rukiyah hakucheka.

"Hebu cheka tena."

Habibah akacheka. Upande mmoja wa mdomo ulipanda, wa pili ukabaki chini kama pazia lililokatika kamba.

Mtoto alikuwa na saratani ya damu. Alitibiwa mwaka mzima, na wiki hiyo damu ikapimwa, ikaonekana safi. Mtaa wa Sofia wote ulikula pilau ya shukrani. Kisha alfajiri mbili mfululizo mtoto aliamka na kichwa kinauma, akitapika. Waliisingizia pilau.

Mdomo ulipopinda, siku hiyo hiyo wakampeleka hospitali. Daktari Sylvia akasema atatoa maji kidogo ya uti wa mgongo kwa sindano, ayapime. Ugonjwa huweza kujificha kwenye ubongo, mahali ambapo dawa nyingi hazifiki.

Swaliki, baba wa mtoto, akaruka. "Sitaki! Mtoto wa jirani alichomwa mgongo, wiki haikuisha akafa."

"Alifika hoi," Rukiyah akasema. "Mkeka aliolalia nao utaulaumu?"

"Mama, damu ni safi! Wamesema wenyewe."

"We Swaliki, sukari iliyokusomesha ilivuka mpaka vipi?"

Swaliki akatazama sakafu. Daktari akatega sikio. Rukiyah hakuona haya. Enzi hizo, kilo kumi za sukari ya magendo alizifunga kwa leso mgongoni, akazivika kofia ya mtoto, akavuka akizibembeleza. Askari wa forodha walipekua kapu, wakakuta nyanya.

"Mmoja akanisifu, eti mama, mtoto wako analala vizuri. Kapu lilikuwa safi, mwanangu. Nani aliangalia mgongo?"

Abdunoor akakohoa. Kofia ile aliinunua yeye.

Swaliki akatia sahihi.

Habibah alikunjwa kama paka, bibi yake akamshika magoti. Maji yakatoka, tone kwa tone. Yalipopimwa, ugonjwa ulikuwamo. Basi dawa zikaanza kupitishwa hapo hapo mgongoni. Wiki zikapita, mdomo ukanyooka, maji yakawa safi. Lakini daktari alisema sindano zisikatizwe, bado miezi mingi.

Presha ya siku nyingi ya Rukiyah haikuingoja miezi hiyo. Siku aliyozidiwa alimwita mumewe karibu. Abdunoor akainama, akidhani ni wosia wa shamba.

"Abdunoor," alisema, "ukioa kabla Habibah hajamaliza sindano, nitarudi nikunyime usingizi. Akimaliza, oa. Ila si yule wa ng'ambo mwenye meno mazuri. Nimeona anavyokuangalia."