Msichana Aliyeuliza Watoto ni Wangapi

Hadithi hii, watoto, nilipewa na wifi yangu, yule anauza uji hapo Nchiru karibu na hosteli za wanafunzi. Asubuhi moja msichana wa Sudan Kusini, amekuja huku kusomea huduma za jamii, alikaa kwa benchi akaacha uji upoe.

"Cucu," akamwambia wifi yangu, maana wanafunzi humwita hivyo, yaani nyanya, "siku tatu nazunguka boma za Ruiri. Nikiuliza watoto ni wangapi, wamama wananyamaza. Mmoja amenifungia mlango. Fomu ya chuo ikirudi tupu nitarudia mwaka, na kwetu ni mbali."

Wifi yangu akaweka kata chini. "Ai, mtoto wangu! Huku watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu ni kama unawaitia kifo. Na wewe unafika na kalamu!"

"Sasa nijaze nini?"

"Uliza wanaitwa nani. Mama hachoki kutaja watoto wake."

Msichana akaondoka na kikombe chake cha uji, akarudi kwa ule mlango uliofungwa, akauliza majina. Yule mama akataja mkubwa, akataja mapacha, mpaka yule wa mgongoni, akicheka akieleza kila mmoja amechukua jina la nani. Boma zingine pia akauliza hivyo, fomu ikajaa hadi pembeni. Hesabu alikuja kufanya baadaye kwa benchi ya wifi yangu, amefunika karatasi na mkono.

Mwalimu alimpitisha. Wifi yangu naye alirudishiwa kikombe, kimeoshwa.

Haya, kalaleni. Mimi sijui mko wangapi, lakini nikiita majina nitajua nani bado yuko nje.