Siku Niliyofundishwa Neno Concession

Harufu ya mpunga mbichi uliochanganyika na samadi hunirudisha kijijini Katindiuka, miaka ya tisini, asubuhi tuliyokuta shamba letu limelala chini kama mkeka. Masuke ndiyo kwanza yalikuwa yanajaa. Ng'ombe wa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake, walikuwa wamejilia humo hadi wakatosheka. Baba hakupiga kelele. Alitema mate, akasema, "Yule mtu ahame."

Balaa ni kwamba Kabula, binti wa Masanja, alikaa nami dawati moja kidato cha pili. Tulichora mstari wa chaki katikati. Kiwiko chake kikivuka, nakisukuma.

Basi mwalimu wa Kiingereza akaandika ubaoni: concession. Ni neno la wafanyabiashara wakubwa na mabalozi, alisema. Wewe unaachia kidogo, na mwenzako anaachia kidogo. Akataka sentensi. Kabula akasimama, akasema kwa Kiingereza cha kukwaruza kwamba baba yake alifanya concession: alituletea ng'ombe na ndama wa fidia, akafukuzwa kwa panga.

"Mwongo wewe!" nilipayuka, nikachapwa kwa kuongea Kiswahili darasani.

Jioni nilimwuliza Baba.

"Ni kweli," alijibu. "Wamekula jasho langu, halafu mimi ninywe maziwa yao?"

Mama alikuwa akipepeta vipunje tulivyookota topeni. Hakuinua macho. "Baba Asteria, wanao watakula hiyo hasira mpaka lini?"

Kesho yake Mama akaenda mwenyewe kwa Masanja, akarudi anaswaga ng'ombe, ndama nyuma. Baba alimpita uani kama anayepita kisiki. Mwaka ule sisi tulikula mihogo na maziwa. Yeye alikula mihogo mikavu. Na mimi na Kabula hatukusemezana hadi tunamaliza shule.

Nilimwona Baba mkaidi, Masanja muungwana. Nimekuwa mtu mzima, nimekaa vikao vya watu wenye tai wanaolitamka neno lile wakitabasamu, ndipo nimeelewa. Masanja alikuwa na zizi zima la kuachia. Baba alikuwa na shamba moja, na lilipokwisha kuliwa, alichobaki nacho ni kukataa. Nadhani Mama alilijua hilo siku zote, maana hakuwahi kumwekea kikombe cha maziwa mbele yake.