Mashindano ya Ghalani Msata

Adila binti Alawi alizaliwa Bagamoyo mjini, kwenye nyumba ya wauza vitambaa. Nduguze walirithi duka, yeye akashika chaki. Alipopangiwa kufundisha fizikia sekondari moja ya Lugoba, mama yake alilia kama anayesafirisha mwana ng'ambo. Adila akaenda, akaolewa huko huko, akaanzisha klabu ya roboti kwa mota alizozing'oa kwenye feni mbovu.

Kila mwaka shule za ukanda ule zilishindana. Asubuhi ilipigwa kura, shule mbili zikafungwa pamoja kuwa timu moja, zikacheza na mbili nyingine kukusanya mipira na kuitia kapuni. Shule yenye roboti kali iliweza kuangukia kwa wenzao ambao roboti yao haijui hata kukata kona, na ilibidi wasaidiane, wapende wasipende. Wazazi walikodi basi, wakaja na masufuria ya pilau, wakashangilia hata watoto wasio wao.

Mwaka huu kamati ya mashindano ikabadili utaratibu. Kila shule ingecheza peke yake. Kwanza itume mtandaoni video ya roboti yake, kisha waamuzi wachague chache za kwenda ukumbini Dar es Salaam. Wazazi wangetazama kwenye simu.

Abdulnasir, ofisa wa kamati, alikuja Lugoba kueleza. Darasa lilijaa wazazi wa shule za ukanda ule hadi madirishani. Bwanaheri, dereva wa lori na mzazi, alitaka kujua ni nani aliyeulizwa kabla ya kubadili. Mwanamvua, mkulima wa ufuta aliyetoka kijiji cha Mkange, alisema kwao mtu akitaka mtandao hupanda kichuguu, na video haipandi naye. Abdulnasir alijibu kwa upole kwamba shule zimekuwa nyingi, siku hazitoshi, na maoni yao yataangaliwa mwakani.

Adila akasimama. "Mdogo wangu, nyinyi mnatafuta roboti bora. Sisi watoto wetu walikuwa wanajifunza kufanya kazi na mtu wasiyemchagua. Hicho ndicho mlichokifuta."

"Mwalimu, kanuni zimeshapitishwa."

"Zimepitishwa bila sisi. Basi na sisi video hatutumi. Siku hiyo hiyo ya mashindano yenu ya Dar tutacheza Msata, kwa kanuni za zamani."

Watu walipiga makofi, lakini mkuu wa shule, Mwalimu Hamidu, hakupiga. Baadaye alimwita Adila ofisini akamwonya kwamba shule itafutwa kwenye mashindano ya mwaka huu, na watoto wa kidato cha nne hawatapata nafasi nyingine. Adila alijua ni kweli. Akawakusanya wanafunzi, akawaeleza watakachokosa bila kuficha, akatoka nje ili waamue wenyewe.

Walikubali, ila nahodha wao, Ashrafu, alimfuata akiwa amenuna. Alikuwa na hamu ya Dar tangu kidato cha kwanza. "Nitakuja Msata, mwalimu," alisema, "lakini usinitake nifurahi." Maneno yale yalimchoma Adila, ila hakurudi nyuma.

Bwanaheri aliomba ghala tupu la mahindi kwa rafiki yake karibu na njia panda ya Msata. Kamati ilipopata habari ikatuma ujumbe kwamba jina la mashindano ni lake. Adila akajibu kwamba jina wabaki nalo. Wazazi wa Mkange walifagia ghala, wa Lugoba wakaleta jenereta, na siku ilipofika shule nyingine za ukanda nazo zikaja.

Kura ikamwangushia Ashrafu shule ya Mkange. Roboti yao ilikuwa ya bati la debe, na iligeuka kushoto tu. Ashrafu aliitazama, akafumba macho. Lakini Najma, binti wa Mwanamvua, alimwambia hana muda wa kuonewa huruma. Alitaka Mkange wakae kando ya kulia, roboti yake isukume mipira kuelekea kwa Lugoba, ya Lugoba itie kapuni. Walibishana, wakajaribu, wakaanza kushinda. Kwenye fainali mnyororo wa roboti ya Ashrafu ulikatika, wakafungwa. Akina mama wa Mkange walicheza ngoma ya vanga hata hivyo, na Ashrafu alikuwa anacheka nao, jasho likimtiririka.

Kamati haikurudisha utaratibu wa zamani. Shule ilifutwa kweli kwenye mashindano, na Ashrafu akamaliza kidato cha nne bila cheti cha mashindano alichokitaka. Jambo hilo Adila halisahau, wala halisemi kama dogo.

Baada ya miezi michache Abdulnasir alimpigia simu, akamwomba aingie kwenye kamati kama mshauri. Adila alimshukuru, akamuuliza kama Mwanamvua naye atapata kiti. Abdulnasir akasema atauliza wakubwa.

Hajapiga tena. Shule mbili za Pangani zimeomba kuja Msata mwakani, na Mwalimu Hamidu, ambaye hakupiga makofi, ndiye aliyekwenda kuliomba ghala mapema.