Uyoga wa Fundi Wendelin

Wendelin, fundi cherehani wa Ifakara, aliamua kuwafundisha majirani kulima kabichi. Hakuna aliyemwomba, lakini hakuwa mtu wa kusubiri kuombwa. Masika ya mwaka 1956 bwana shamba alipita akishauri watu watandaze majani makavu kidogo kuzunguka mimea. Wendelin alilisikia neno “watandaze”. “Kidogo” alimwachia bwana shamba mwenyewe. Kwenye bustani yake ya kabichi alirundika pumba na mabua mabichi ya mpunga mpaka magotini, akawa anamwagilia kila jioni, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha bila kumtegemea.

Bustani ikaitikia. Uliota uyoga mwekundu, wa utelezi, unaonuka kama mzoga. Nzi wa mtaa mzima wakapata makao. Jirani yake Pantaleo alikuja kwa adabu, akaulizia hali ya nyumbani, akaulizia cherehani, ndipo akauliza kama yule mbwa wao walimzika vizuri. Mbwa mwenyewe alikuwa amelala mlangoni, akimtazama.

Wendelin akachemsha maji, akaumwagia uyoga. Uyoga ulinyauka kwa siku mbili. Kabichi zilinyauka moja kwa moja. Akawa mtu wa kwanza bondeni kupika mboga kabla ya kuzichuma. Uyoga ulipoota tena aliumwagia chumvi ya jikoni, akazimalizia na kabichi zilizosalia.

Wateja wakaanza kupokea nguo zao njiani, wameziba pua. Jumapili kanisani, benchi lake lilikuwa na nafasi tele. Hilo lilimuuma kweli. Alirudi nyumbani, akasukuma sahani pembeni, akasema bila shaka kuna mtu amemroga.

“Baba Fridolin,” mkewe Aurelia alimwambia, “hujarogwa. Umerundika.”

Wendelin aliivuta tena sahani, akala mpaka akaimaliza. Kisha akachukua jembe. Waliondoa mabua yote yaliyooza, wakayabeba mpaka nyuma ya migomba, wakauacha udongo upigwe na jua. Uyoga mchanga, mweupe kama mayai, waliuchimbua kabla haujapasuka, wakaufukia shimoni. Harufu ikaisha.

Walipanda bamia. Safari hii Wendelin alitandaza pumba kavu, kiganja kwa kiganja, Aurelia akiwa amesimama kando, mikono kiunoni. Uyoga mmojammoja uliendelea kuchungulia. Aliung’oa, akarudi kwenye cherehani yake bila kumhutubia mtu.